Asiyetaka Kuuza na Achangie Paa

Ijumaa moja, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimeketi na wazee wenzangu kwenye baraza moja hapa Majengo, Pumwani, tukinywa kahawa chungu, simu yangu ikalia. Alikuwa ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyebaki Malindi akiitunza nyumba ya babu. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana hali, kisha akaniambia maneno yaliyoninyima usingizi tangu siku hiyo. "Mwanangu," alisema, "mnunuzi wa nyumba amepatikana. Ni Mtaliano, mtu mzima, na mkewe. Wametaja milioni kumi na mbili. Wenzako huku wameridhia. Imebaki sahihi yako wewe na mamako na dada zako."

Nilimwomba anipe juma moja nifikiri. Akacheka kidogo, akasema, "Fikiri, lakini mvua za masika haziko mbali, na paa halifikiri."

Msomaji mpenzi, leo nataka tulizungumze jambo hili waziwazi, kwa kuwa najua si la nyumba yetu pekee. Kutoka Lamu hadi Vanga, koo nyingi zina ukuta wao mmoja wa mawe unaotazama bahari, au kiwanja chao chenye minazi miwili mitatu. Na koo hizo hizo watoto wao wametawanyika, huyu Eastleigh, yule Buruburu, mwingine Jeddah, mwingine London. Bei inapotajwa, simu hulia kila upande. Je, sisi tulio mbali tuseme nini? Na tuna haki gani ya kusema?

Kwanza niseme ninapoishi, maana maoni yangu yametokana na mahali hapa. Nilikuja Nairobi mwaka 1978 kufanya kazi ya ukarani, na tangu siku hiyo sijahama Eastlands. Mtu wa pwani akitembea mitaa hii hajioni mgeni sana. Tuna Majengo kama Majengo ya Mombasa, tuna Kaloleni kama Kaloleni ya Kilifi, tuna Pangani, tuna Barabara ya Digo, na tuna Msikiti wa Riyadha ambao jina lake mtu wa Lamu analijua tangu utotoni. Nairobi ilipokuwa changa, palikuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa na kingine kilichoitwa Maskini. Humo walikaa watu waliofika na misafara na reli, wakiwemo Waswahili wengi na Waislamu wa kila kabila.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliitenga Pumwani iwe mahali pa Waafrika, na vijiji vile vikavunjwa kimoja baada ya kimoja. Pangani ndiyo iliyoshikilia zaidi, hata nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo. Sasa sikiliza masharti yaliyowekwa Pumwani. Mtu alipewa kiwanja ajenge nyumba yake ya miti na udongo, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba kando kando, kwa ramani ile ile ya Waswahili. Nyumba ikawa yake. Ardhi ikabaki ya baraza la mji. Mwenye nyumba alilipia kiwanja, naye akipangisha vyumba, akizeeka na kuzikwa, hakuwahi kuumiliki mchanga alioufagia.

Mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu. Wanawake wengi wa Majengo walikuwa na nyumba zao wenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida mjini siku zile. Kila asubuhi alikuwa akifagia ua wake, kisha akisimama mlangoni na fagio mkononi, husema, "Nyumba yangu, mchanga wao." Nilidhani ni mzaha wa wazee. Kila uvumi wa kubomolewa ulipopita mtaani, ndipo nilipomwelewa, kwani usiku huo taa yake haikuzimwa.

Watu wa Mombasa hawahitaji kufunzwa jambo hili. Nyumba bila ardhi ni desturi yetu ya zamani: huyu ana nyumba, yule ana ardhi, na baina yao kuna kodi ya kiwanja. Maadamu wote wawili wanajuana na wanasali msikiti mmoja, mambo huenda. Lakini ardhi ikiuzwa kwa mtu wa tatu, mwenye nyumba huamka siku moja akaambiwa aondoe mawe yake.

Ndiyo maana ami aliponitajia milioni kumi na mbili, sikuliona rundo la noti. Nilimwona bibi yule na fagio lake.

Hata hivyo si haki kumzungumza Mtaliano kama kwamba ni jini aliyetoka baharini. Malindi ni mji uliozoea wageni. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokewa huko baada ya kutoelewana na watu wa Mombasa, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Wataliano wa zama hizi walianza kuonekana kwa wingi katika miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini walirusha chombo chao cha kwanza mwaka 1967; na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya Jamhuri, kikarushwa hapo chombo cha Marekani cha kuchunguza nyota, kikaitwa kwa jina la Kiswahili, Uhuru. Waliokuja kwa kazi waliwasimulia jamaa zao habari za bahari yenye maji ya vuguvugu mwezi wa Januari, wakati kwao ni baridi. Hoteli zikafuata, na baada ya hoteli, nyumba za watu binafsi.

Leo ukishuka Malindi utadhani umefika mji mdogo wa bahari ya Mediterania. Vibao vya maduka vimeandikwa Kitaliano, pasta na barafu za maziwa zinauzwa njiani, na kijana aliyeishia darasa la saba atakuzungumzia Kitaliano kisichokwama. Nyumba kubwa za kuta nyeupe na mapaa marefu ya makuti zimejipanga ufuoni, na hali kadhalika Watamu. Walioajiriwa humo ni watoto wetu: wapishi, walinzi, mafundi wa makuti, mafundi wa chokaa, wavuvi wanaouza kamba na ngisi. Ni riziki, na mwenye kuidharau riziki ya mwenzake hana adabu.

Walakini riziki hiyo ina msimu wake. Nyumba nyingi kati ya hizo hufungwa miezi mingi ya mwaka, madirisha yakawa yamefumba macho, mlinzi peke yake akazunguka na tochi. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia ndege, mtaa mzima wa nyumba hizo ulikaa kimya kama makaburi, na walioziuzia nyumba hizo ardhi walikuwa wamekwisha kula pesa zao zamani. Mji ambao nusu ya taa zake huwaka kwa ndege ni mji wenye mashaka.

Na kuna jambo la njia. Mvuvi hahitaji hati ya ufuo. Anahitaji kijia cha kufikia diko lake. Babu yangu alikuwa akishuka baharini kwa kupita uani kwa watu watatu, akiwatolea salamu kila mmoja. Ua likigeuka ukuta, na ukuta ukawekwa mbwa, salamu haifai kitu. Katiba yetu ya mwaka 2010 imesema kuwa ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Maneno mazuri. Lakini mchanga wa umma usio na njia ya kuufikia ni kama kisima kisicho na kamba.

Basi turudi kwenye nyumba yetu. Iko katika mtaa wa Shela mjini Malindi, ambayo si Shela ya Lamu. Ni nyumba ya mawe na chokaa, dari yake ni ya boriti za mikoko, na juu yake ghorofa moja na paa la mabati lililokwisha kuliwa na chumvi. Babu alifariki baada ya bibi, akaacha watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Kwa hesabu ya mirathi hayo ni mafungu saba: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Baba yangu alipofariki, mama alichukua thumni ya fungu lake, na iliyobaki tukagawana mimi na dada zangu wawili, mimi mara mbili ya kila mmoja wao. Ukipiga hesabu utaona kuwa mimi nina thumni moja kamili ya nyumba nzima. Katika milioni kumi na mbili, yangu ni milioni moja na nusu. Hapa Eastlands pesa hizo hazifiki hata robo ya bei ya nyumba ya Buruburu. Kwa maneno mengine, ningeuza mahali pa babu yangu nisipate hata mahali pa kujistiri mimi.

Juma lilipokwisha nilipiga simu. Ami alikuwa amewakusanya jamaa ukumbini, na sauti zao zote zikawa zinanifikia. Nikasema kwa heshima, "Ami, mimi siafiki. Nyumba isiuzwe." Pakawa kimya. Kisha akasema binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu aliyetangulia mbele ya haki, mwanamke ambaye amekaa katika nyumba ile maisha yake yote:

"Kaka, nikuulize. Paa lilipoingia maji mwaka juzi, ulituma kiasi gani? Ukuta wa jikoni ulipoanguka, ulikuja? Shangazi anapopelekwa hospitali, teksi nalipa mimi. Wewe unaipenda nyumba ukiwa Nairobi. Sisi tunakaa ndani yake."

Msomaji, sikuwa na jibu. Miaka mingi nimekuwa nikishuka pwani mara moja kwa mwaka au miwili, zamani kwa basi la usiku, na tangu mwaka 2017 kwa gari moshi jipya mpaka Mombasa. Nikifika nakula pweza, nalala barazani, nasifu upepo, kisha narudi zangu. Katika mazungumzo ya Pumwani nimeitaja nyumba ile mara elfu. Katika kuitengeneza sikuwahi kununua hata bati moja. Maneno ya binamu yalikuwa machungu kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Hapa ndipo penye shina la jambo. Sisi tulio bara na ng'ambo tuna mazoea ya kuwalaumu wanaouza. Tunaandika, tunahutubu, tunalia kwamba pwani imekwisha. Lakini wengi wanaouza hawauzi kwa ulafi. Wanauza kwa ajili ya dawa, kwa karo, kwa kulipa deni la mazishi, au kwa kuwa warithi wamekuwa kumi na mmoja, na kila mmoja anataka chake, na nyumba haikatiki kama mkate. Anayekataza kuuza bila kutoa chochote anamfanya ndugu yake kuwa mlinzi wa makumbusho asiye na mshahara. Kwa hiyo mimi nasema: asiyetaka kuuza na achangie paa. Akishachangia, ndipo aketi kwenye baraza na kutoa rai.

Lakini nikishakiri kosa langu, sikubali kuwa dawa yake ni kuuza. Ziko sababu tatu.

Ya kwanza ni sheria yenyewe. Katiba ya 2010 inasema kuwa asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99. Hata hati ikiandikwa ya milele, kwake yeye itahesabiwa kuwa ya miaka 99 tu. Kampuni nayo haihesabiwi kuwa ya raia mpaka iwe inamilikiwa yote na raia. Kama sheria ya nchi haimpi mgeni zaidi ya hapo, mbona sisi tuuze kana kwamba tunampa milele? Ndugu zetu wa Zanzibar, ambako ardhi ilifanywa mali ya umma baada ya mapinduzi ya 1964, nao humkodisha mgeni ardhi kwa miaka maalumu. Hoteli zimejengwa pale Nungwi na Paje, na watalii wanafika. Kukodi hakujamkimbiza mtu.

Ya pili ni mfano wa huko huko Mediterania. Mwaka 2013 Uhispania iliweka sheria ya kumpa kibali cha kuishi mgeni wa nje ya Ulaya anayenunua nyumba ya yuro 500,000 au zaidi. Ilidhaniwa kuwa ni baraka. Mwezi wa Aprili 2025 kibali hicho kilifutwa, serikali yao ikisema kuwa nyumba ni haki ya mtu kuishi, isigeuzwe kuwa biashara ya kukisia bei. Vijana wa miji ya pwani walikuwa wakishindwa kupata mahali pa kupanga katika miji waliyozaliwa. Ikiwa nchi tajiri kama ile imejiuliza swali hili, sisi tunalikimbilia wapi?

Ya tatu ni historia yetu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi ya pwani, ikawataka watu walete madai yao yaandikwe. Waliojua waliandikisha. Wasiojua, au waliokuwa mbali, ardhi zao zikahesabiwa kuwa za serikali, na uzao wao ukaitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Sisi wa kizazi hiki tunajua, tuna hati mkononi, na bado tunaziacha kwa hiari. Wajukuu watatuita jina gani?

Basi lipo la kufanya? Naam, na mengi yamo ndani ya dini yetu na sheria ya nchi.

Liko jambo la shufaa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mshirika katika ardhi isiyogawanywa akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika mwenzake ana haki ya kulichukua kwa bei ile ile, kwa sharti aidai bila kuchelewa. Sheria ya nchi imekuja karibu na hapo: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inataka mwenye fungu asiliuze kwa mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya washirika wenzake, nayo idhini isizuiwe bila sababu ya maana. Maana yake ni kwamba anayetaka kutoka ana haki ya kutoka, lakini wa ndani waulizwe kwanza. Na wa ndani wakiulizwa, wawe na kitu mkononi, si machozi matupu.

Liko jambo la wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Manufaa yake tu ndiyo hugawanywa kwa waliotajwa. Wazee wetu waliweka wakfu misikiti, visima, minazi na hata nyumba kwa ajili ya vizazi vyao, na Tume ya Wakfu iko Mombasa kwa kazi hiyo. Warithi wote wakikubaliana, hakuna ufunguo unaofunga mlango wa kuuza kwa nguvu kuliko huo. Mwenye shaka juu ya mafungu ya mirathi amwendee kadhi, ambaye mahakama yake inatambuliwa na Katiba.

Na liko jambo la kukodisha. Mpe mgeni ghorofa ya juu kwa miaka kumi na mitano au ishirini, kwa mkataba ulioandikwa na wakili na kusajiliwa, kwa sharti atengeneze paa na dari kwa ufundi wa asili, na asizibe njia ya watu. Yeye apate upepo wake na bahari yake, warithi wapate kodi yao, na muda ukiisha nyumba irudi ikiwa nzima kuliko alivyoikuta. Asiyetaka masharti hayo, basi alikuwa hataki kuishi nasi, alitaka tuondoke.

Sharti niongeze neno kwa wenzangu wa Eastlands, maana wengi wetu sasa ni wanunuzi pia. Katika vyama vya akina mama na vya wafanyakazi wa Gikomba na Eastleigh, watu wanachanga pesa kununua viwanja Mtwapa, Kikambala na Malindi. Ni jambo jema, lakini tusinunue kama watalii, kwa kuangalia picha ya mnazi. Nenda ofisi ya ardhi ukapekue jina lililoandikwa. Lete mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka. Uliza kama kodi za kaunti zimelipwa. Kama ni ardhi ya kilimo, pasipo idhini ya bodi ya ardhi mauzo hayafai kitu. Kama ni nyumba ya ndoa, mke au mume wa muuzaji aweke idhini. Hesabu mapema ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na 2 shambani. Juu ya yote, zungumza na watu unaowakuta juu ya ardhi ile. Aliyekaa hapo waziwazi miaka 12 bila idhini ya mwenyewe ana dai ambalo mahakama hulisikiliza, na mara nyingi ni maskini wa pale pale ambaye babu yake hakuandikishwa mwaka 1908. Mtu wa Majengo, Pumwani, ambaye anajua nyumba bila ardhi ni nini, asiende pwani akawa wa kwanza kumng'oa mwenzake.

Wala usidanganywe kuwa hati peke yake ni ngao. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu juu ya kiwanja kimoja cha ufuoni Nyali. Kampuni iliyokinunua ilikuwa na hati na ukuta. Serikali ya kaunti iliubomoa ukuta huo mwaka 2017, ikidai kuwa hapo ni njia ya watu ya kuendea bahari. Mahakama ikaamua kuwa kiwanja kile kilikuwa nafasi ya wazi ya umma, kwamba kilipogawiwa mtu mara ya kwanza mwaka 1989 sheria haikufuatwa, na kwamba mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa hati iliyozaliwa kwa kosa. Ndugu, chunguza shina, usitazame tawi.

Na neno la mwisho la tahadhari ni kwa vijana wetu wa ufuoni: usiazime mtu jina lako. Mgeni asiyeweza kumiliki ardhi humtafuta kijana au mwanamke wa hapa aandikwe yeye kwenye hati, kwa ahadi ya mdomo. Siku urafiki ukivunjika, mmoja hulia kuwa ameibiwa pesa, mwingine hulia kuwa ametupwa nje ya mali yenye jina lake. Ni mlango wa uadui na aibu.

Msomaji atataka kujua nyumba yetu imekuwaje. Nilipanda gari moshi, nikaenda mwenyewe. Sikwenda kula pweza. Tuliketi ukumbini siku mbili, tukasikilizana, na mengine yalikuwa ya kuumiza. Shangazi yangu mkubwa anahitaji matibabu na hawezi kungoja hisia za watu. Kwa bei ya Mtaliano fungu lake moja katika saba linazidi kidogo milioni moja na laki saba. Mimi, dada zangu na binamu mmoja aliye Jeddah tumelichukua fungu hilo kwa bei hiyo hiyo. Nusu tumelipa, nami nimetoa akiba yangu ya kustaafu niliyokuwa nimeiwekea mambo mengine. Nusu iliyobaki tumeandikiana muda. Aidha kila mrithi aliye nje ya Malindi atatuma kitu kila mwezi kwa ajili ya paa, na binamu yangu, yule aliyenikosoa, ndiye aliyeshika daftari. Jina langu ni la kwanza katika orodha, na amenionya kuwa nikikosa miezi miwili atanisomea mbele ya jamaa wote siku ya Idi.

Mtaliano tulimwendea kwa adabu, tukamweleza kuwa nyumba haiuzwi, ila ghorofa ya juu inakodishwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yetu, akasema atakwenda kufikiri na mkewe. Hajarudi na jibu. Yamkini atarudi, yamkini atanunua kwingine, kwa warithi waliochoka. Mabati mapya yamefika nusu.

Nimerudi Pumwani. Bibi yule wa fagio amekwisha kutangulia zamani, Mola amrehemu, na mahali palipokuwa ua wake pamesimama jengo la watu wengine. Nikipita pale nakumbuka maneno yake, nami namwombea kila mtu wa pwani ayasome kwa kinyume chake: nyumba yetu na mchanga wetu. Mchagua jembe si mkulima, na msifu nyumba si mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni yule anayepanda ngazi mvua ikikaribia, na kama yuko mbali, ni yule anayetuma bei ya misumari.